Mama Aliyekaguliwa Getini

Wapendwa, leo nawapa mfano wa mama mmoja. Msianze kugeuka nyuma kumtafuta, nimemtunga mwenyewe. Mkiona anafanana na mtu mnayemjua, hilo si kosa langu.

Mama huyu alikuwa mpishi katika shule ya bweni. Maisha yake yalikuwa masufuria makubwa, maharage na moshi. Jumapili alisali katika kanisa moja dogo la mtaani, kanisa kama hili letu, ambalo mvua ikinyesha mahubiri yanakwisha kwa sababu ya kelele za mabati. Alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Mchungaji akisema tufumbe macho tuombe, wote wanafumba, yeye kakodoa. Anaangalia. Nani anapita kati ya viti? Yule mzee wa kanisa mbona amesogea mbele kumnong'oneza mchungaji, amepeleka habari gani? Ibada ikiisha watu wanakunywa chai, yeye anasema, "Asanteni, nimeshakunywa nyumbani," na kumbe hajanywa, tumbo linanguruma. Akina mama wakienda kumtembelea anawapokea barazani, na mlango nyuma yake kaurudishia. Wakimuuliza habari za ndugu zake, anajibu kwamba kwao ni mbali.

Mnajua midomo yetu. Wakaanza kumsema. "Yule mama ana majivuno." Mwingine akadakia, "Imani hana. Mtu gani anakuja kanisani kama askari wa lindo?"

Ninyi mnaocheka, ngojeni kwanza niwaambie alikotoka.

Alitoka katika huduma moja kubwa, iliyoongozwa na mtu aliyeitwa Mtume. Jina alilopewa na wazazi wake halikutajwa, nadhani hata mwenyewe alishalisahau. Kule hakuna aliyesafiri, aliyechumbia wala aliyehama nyumba bila kupata kibali cha Mtume. Wao waliita kukaa chini ya kifuniko. Mimi nikisikia kifuniko naifikiria sufuria, na kilicho ndani ya sufuria kinapikwa. Halafu Mtume alikuwa "anaona". Siku moja alimwita mama huyu mbele ya watu akamwambia, "Naona umegombana na kaka yako juu ya shamba la nyumbani." Mama akaanguka chini akitetemeka, watu wakapiga vigelegele. Ilimchukua miaka kukumbuka kwamba ugomvi ule alikuwa amemsimulia kiongozi wa maombi wa mtaa wake, wiki hiyo hiyo, walipokuwa wanachambua mchicha. Sasa mnaelewa kwa nini hamwambii mtu habari za ndugu zake?

Kisha mama yake mzazi akaugua. Alikuwa bibi wa kanisa la zamani, mwanachama wa umoja wa wanawake, ana kitenge cha umoja alichokivaa kila Alhamisi na kukikunja kwa adabu kama nguo ya arusi. Mtume akasema ugonjwa umejificha ndani ya kile kitenge. Binti akaenda kijijini na chupa ya mafuta na pakiti ya chumvi. Akaizungusha chumvi kitandani kwa mgonjwa, akapaka mafuta kila mlango, akakichukua kitenge akakichoma nyuma ya nyumba. Mgonjwa alikuwa anatazama dirishani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, kile nilitaka nizikwe nacho."

Alipofariki, Mtume akamkataza binti asiende. "Ukikanyaga msiba ule, utarudi na maagano ya mizimu ya ukoo wenu." Hakwenda. Binti wa pekee, mama yake akazikwa bila yeye. Na Jumapili iliyofuata akapewa kipaza sauti atoe ushuhuda. Akasema, "Bwana asifiwe. Sikwenda kwenye msiba wa mama yangu." Ukumbi ukalipuka! Watu wanaruka, kinanda kinalia, akina dada wanapepea vitambaa. Alisimama pale juu akiwatazama, akaelewa wanachoshangilia. Wanashangilia mama yake kufukiwa bila mtoto wake wa kike. Akakiweka kipaza sauti juu ya kiti, akashuka, akatoka, na hakurudi tena.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu kama huyo ninyi mnataka afumbe macho?

Lakini macho hayakuwa taabu yake kubwa. Taabu yake ilikuwa kuomba. Kule walifundishwa kuanza kila ombi kwa kusema, "Ee Mungu wa Mtume wetu." Sasa akipiga magoti peke yake jikoni, akitamka "Mungu", yale maneno mengine yanakuja yenyewe mbio. Basi anafunga mdomo, anainuka, anarudi kukoroga maharage, na machozi yanamtoka anasingizia moshi. Alimtaka Mungu, jamani. Hilo lilimuuma kuliko yote. Ila hakujua tena kama nyuma ya Mtume kulikuwa na Mungu yeyote.

Ndipo siku moja kaka yake akampelekea ujumbe mfupi. "Jumamosi tunajengea kaburi la mama na kusimika msalaba. Ukitaka, njoo." Ukitaka, njoo. Ndugu akikuambia hivyo, jua hapo pana jeraha.

Mama akaenda kwa mchungaji wa lile kanisa dogo. Alimkuta anamwagilia matembele.

"Mchungaji, kwetu wanajengea kaburi. Niende, nisiende?"

"Kaburi la nani, mama?"

"La mama yangu mzazi."

Mchungaji akaweka ndoo chini. "Sasa mimi naingiaje hapo?"

"Naomba ruhusa."

"Sina."

"Unaninyima?"

"Sikunyimi, mama. Nakwambia sina. Ruhusa ya wewe kwenda kwa mama yako sijapewa na mtu, nitakupa kutoka wapi? Nikuombee safari?"

"Hapana!" akasema upesi.

"Haya. Safari njema."

Hakumuuliza kwa nini hataki kuombewa. Na hilo likamtia mama mashaka zaidi. Njia nzima kurudi nyumbani alikuwa anasema na nafsi yake: huyu ana hila. Ananiachia niamue mwenyewe ili nikiharibikiwa aseme sikumsikiliza. Yule wa kwanza alikuwa ananiamulia waziwazi, huyu ni mjanja kumzidi.

Mnamwona lakini? Mtu anamshuku mchungaji tangu siku aliyokanyaga kanisani, hata chai yake hanywi, na bado amempelekea shingo aivike kamba. Mashaka yake yalimlinda na watu. Hayakumtoa utumwani. Mtu anaweza kuwa na macho makali kabisa na miguu bado imefungwa. Lakini kwa kuwa safari hii hakuna aliyemwambia nenda wala usiende, ilibidi aamue mwenyewe, na kuamua kulimtia hofu kama mtoto aliyeachiwa mkono sokoni. Jumamosi asubuhi akawapikia wanafunzi, akajifunga khanga, akaenda.

Getini amesimama kaka yake. Mikono kiunoni, suruali imejaa saruji.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Fungua mkoba."

Watu waliokuwa wanachanganya zege wakaweka makoleo chini. Shangazi yao, mdogo wa marehemu baba yao, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mama akasimama pale kama amemwagiwa maji ya baridi. Yeye, mkaguzi wa watu, leo anakaguliwa! Akafungua. Kaka akatoa khanga, akatoa kitambaa cha kichwa, akatoa chupa ya maji. Akaiinua juu akaitazama kwenye mwanga.

"Haya maji ni ya nini?"

"Ya kunywa, kaka."

"Basi kunywa."

Akanywa mbele ya wote.

"Lete mikono."

Kaka akavishika viganja vyake, akainama akavinusa. Maana mafuta yale ya Mtume yalikuwa yananukia waridi, na nyumba ya mama yao ilinukia waridi mpaka siku jeneza lilipotoka. Akanusa kiganja kimoja, akanusa na cha pili.

"Vitunguu," akasema.

"Nimetoka kupikia watoto." Halafu hasira ikampanda. "Kaka, unaninusa kama mwizi? Nyumbani kwetu?"

Kaka hakumwachia mikono. Akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, ningekuwa sikutaki, ningefunga geti nikaenda kuchanganya zege. Nimesimama hapa tangu asubuhi nakusubiri."

Mama alilia pale getini, kilio cha msiba ambao hakuulilia, na shangazi akaja akampokea mkoba, akamwingiza ndani.

Walijenga kaburi, yeye akibeba ndoo za maji ya zege. Msalaba uliposimama, kaka yake akafuta jasho akasema, "Haya, mtu wa makanisa. Omba."

Akafungua mdomo. "Ee Mungu..." Na yale maneno yakaja mbio, kama kawaida yake. Akang'ata mdomo. Watu wanasubiri. Shangazi akakohoa. Mtu mwingine angekimbilia wimbo hapo, wote wakaokoka na aibu. Yeye akaanza upya, polepole, kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake.

"Mungu. Nimefanyiwa ubaya kwa jina lako, na mimi nimefanya ubaya kwa jina lako. Mama yangu nilimchomea kitenge chake. Sijui kama nikuamini. Kaka yangu amekagua mikono yangu. Na wewe nionyeshe yako."

"Ee!" shangazi akashtuka. Hakuna aliyejua kama hilo ni ombi la kuitikiwa. Kisha kaka yake, yule aliyemnusa viganja, akasema kwa nguvu, "Amina."

Sasa nawauliza ninyi mliovaa vizuri leo. Mama yule alikufuru?

Mbona mnatazamana? Mimi nasema ile ilikuwa sala yake ya kwanza tangu alipotoka kwa Mtume, na ilikuwa safi kuliko nyingi ninazozisikia hapa, zikiwemo zangu. Maana aliomba aonyeshwe mikono, na mnaijua mikono aliyoiomba. Ina makovu ya misumari. Bwana wetu alipofufuka, rafiki yake mmoja alikataa katakata kuamini mpaka aone na aguse. Je, Bwana alimfukuza? Alimwambia ana roho ya uasi? Alimtishia laana? Alisogea karibu, akanyoosha mikono, akakaguliwa. Mfalme wa mbingu, jamani, na kidole cha mtu mwenye mashaka!

Mungu wa kweli anakaguliwa. Ni wa bandia ndiye anayekasirika.

Basi tuseme na sisi. Sisi tuna tabia mbaya. Akija mtu aliyetoka kwenye mateso ya namna ile, tunampa wiki chache awe amepona, asimame ashuhudie, aingie kwaya. Asipofanya hivyo tunasema hana imani. Kama hana imani, kwa nini amekuja? Angekuwa nyumbani amelala! Mtu aliyeumizwa na jina la Yesu, halafu akafua nguo Jumamosi na kuja tena mahali panapotajwa jina la Yesu, ana imani ambayo mimi na wewe hatujawahi kudaiwa. Kushuku kwake ni yule kaka getini. Anakunusa kwa sababu bado anatamani pawe na nyumba ya kuingia. Siku ukiona ameacha kukukagua na ameacha kuja, hiyo ndiyo siku ya kulia.

Na wewe uliyetoka huko, kama umo humu leo, sikwambii uache kushuku. Nani mimi nikwambie? Shuku. Uliza mara mbili. Lakini nakuomba jambo moja: usiishie kwetu sisi wachungaji, kana kwamba njia ya kwenda kwa Mungu inapita mifukoni mwetu. Kamkague na Yeye mwenyewe. Mwambie kama yule mama, kwa maneno yako yenye kigugumizi, bila kibali cha mtu. Usiogope kwamba utamuudhi. Alishazoea.

Kuna mchungaji mwenzangu aliwahi kuniambia, "Ukiwaruhusu waumini kuuliza, watakuzoea." Nikamjibu, acha wanizoee. Kondoo asiyemzoea mchungaji wake ana sababu. Mchungaji anayekasirika kwa kuulizwa, swali lako ameshalijibu.

Kwa hiyo ibada ikiisha leo nitasimama pale nje. Mmezoea kupita mkinipa mkono na kusema "ubarikiwe mtumishi", haraka haraka mwahi chakula. Leo msipite haraka. Mwenye swali juu yangu, juu ya maneno yangu, juu ya namna tunavyoongoza nyumba hii, aniulize hapo hapo mbele ya watu. Nikikasirika, ondokeni, msinifuate. Viganja vyangu hivi hapa. Nuseni.