Lango Lililosikia Sauti Moja

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, nyie mlioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, watu na wanyama wa mlimani walichimba mfereji pamoja, kutoka msituni hadi mashambani. Kila asubuhi walibishana zamu ya maji: leo nani, kesho nani. Kelele tupu!

Nyegere mhunzi akazichoka kelele hizo. Akafua lango la chuma, akalitia sikio, akalinong'oneza peke yake. Kulipokucha, ajabu! Lango likafunguka lenyewe, likagawa maji lenyewe, likaimba lenyewe:

"Mwenye shamba kubwa anywe kwanza!"

Wote wakapigwa na butwaa. Tembo, mwenye migomba isiyo na mwisho, akapiga magoti. "Hili lina akili kutushinda sote. Tuliache lifanye kazi!"

Lakini Nakiete, mjane mwenye kishamba cha magimbi na wajukuu wa kulisha, hakupata hata tone. Akaenda langoni.

"Ewe lango, magimbi yangu yananyauka."

"Mwenye shamba kubwa anywe kwanza!"

Siku ya pili akarudi. "Ewe lango, magimbi yangu yamelala chini."

"Mwenye shamba kubwa anywe kwanza!"

Siku ya tatu akaja na gimbi mkononi, limekauka kama ukuni. "Ewe lango, wajukuu wangu wamelala na njaa. Wimbo huu alikufundisha nani?"

Maji yakasimama. Kisha lango likasema taratibu, "Nilisikia sauti moja tu."

Loo! Nakiete akapiga yowe, na yowe likipigwa mlimani hakuna asiyetoka.

"Tulivunje!" akafoka Fisi.

"Hapana," akasema Nakiete. "Kazi yake ni ya ajabu, macho yangu yameona. Lakini mfereji tuliuchimba sote. Mbona lango limefundishwa na mmoja?"

Nyegere akainamisha kichwa. "Niliona mnapiga kelele tu, mama."

"Kelele zile, mwanangu, ndizo tulizokuwa tukigawia maji."

Basi wakalinong'oneza. Chura akanong'ona, Nakiete akanong'ona, Tembo akanuna kidogo, naye akanong'ona. Nyegere akasimama nyuma ya Kobe, akingoja zamu yake kama wenzake. Lango likatetemeka, mlima ukatetemeka nalo. Maji yakashuka kwenye migomba, yakashuka kwenye mtama, yakashuka hadi kwenye magimbi. Nakiete akaingia matopeni na miguu yake mitupu, akalia kwa furaha.

Tangu hapo, kila msimu lango hujifunga na kuuliza, "Mmekuja wote?"

Msimu mmoja Tembo akajibu upesi, "Wote!"

Lango halikufunguka. Wakatazamana, wakahesabiana. Kumbe Kobe alikuwa bado njiani. Wakakaa chini, Tembo na ukubwa wake wote, wakamngoja.

Hadithi yangu imeishia hapo hapo langoni, Kobe ndiyo kwanza anakata kona.