Mwenyewe Yumo Ndani

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana simu zilikuwepo na chaji ilikuwa ikiisha kama inavyoisha leo, aliishi tajiri mmoja aitwaye Kombo Makubazi. Makubazi si jina la babu yake. Alishona makubazi ya ngozi, akauza makubazi, nchi nzima ikavaa makubazi, naye akawa tajiri wa mabilioni. Mtu akishafika hapo hutafuta kitu asichokijua akinunue. Kombo akanunua Hodihodi.

Hodihodi ilikuwa baraza la kwenye simu. Nchi nzima ilikuwa humo: wanaosalimiana, wanaouza bata, wanaogombana kuhusu mpira. Ukitaka kuingia unaandika "Hodi." Mtambo unauliza, "Nani?" Unataja jina lako na neno lako la siri. Mtambo unajibu, "Karibu." Basi unaingia, unagombana.

Tajiri wetu alikuwa na kasoro moja ndogo. Yeye na herufi h hawakuwahi kupatana. Akiihitaji haiji, asipoihitaji ndiyo hiyo inagonga mlango. Kampuni yake mwenyewe aliiita Odiodi, na wafanyakazi wote walitazama dari.

Siku ya kwanza aliingia ofisini, akazunguka, akasema, "Apa mnafanya nini?"

"Tunasikiliza malalamiko ya watu," wakamjibu watu arobaini.

"Nani mwenyewe apa?"

"Wewe, bosi."

"Mimi sijalalamika. Nendeni nyumbani." Wakaenda. Jioni akatangaza sheria humo Hodihodi: mwenye alama ya buluu akiahidi jambo Hodihodi, lazima alitimize, na asipotimiza atatolewa Hodihodi maisha yake yote. Akaongeza kwa majivuno, "Na kampuni ii ikinishinda, nitakula kubazi!"

Siku ya pili akauliza, "Izi alama za buluu mnawapa nani?"

"Tunawapa waliothibitishwa kuwa ni wao kweli."

"Nani mwenyewe apa?"

"Wewe, bosi."

"Basi mpeni kila atakayenisifu mara tatu." Wakampa kila aliyemsifu mara tatu, wakiwemo watu ambao si watu, bali mitambo inayouza dawa za kuotesha nywele.

Siku ya tatu akaona ndani ya Hodihodi kuna Makubazi elfu sita. Wote wana picha yake, wote wana miwani yake. Akamwita fundi mkuu wa mtambo, kijana wa Mbeya aliyeitwa Lutengano.

"Fundi, yeyote atakayesema yeye ni Makubazi, mfungie nje!"

Lutengano akakuna kichwa. "Bosi, na wewe ukipiga hodi?"

"Nani mwenyewe apa?"

"Wewe, bosi. Lakini mtambo haukujui kwa sura."

"Umefukuzwa. Ila maliza kwanza iyo kazi."

Lutengano akamaliza kazi, akaenda kwao kufuga bata. Makubazi elfu sita wakafungiwa nje. Akabaki mmoja tu, maana huyo hakusema ni Makubazi. Alitumia picha ya Tajiri, miwani ya Tajiri na alama ya buluu, lakini jina alijiita Mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Alhamisi asubuhi Tajiri alikuwa akinywa supu ya pweza, simu ikamponyoka, ikazama bakulini. Akatumwa mtu kuleta mpya. Simu mpya haina kumbukumbu ya mtu, lazima ubishe upya. Tajiri akaandika, "Odi."

"Nani?"

"Makubazi."

"Makubazi hawaruhusiwi."

"Mimi ndiye mwenyewe!"

Mtambo ukajibu kwa adabu, "Mwenyewe yumo ndani."

Akaenda ofisini. Mlango wa ofisi nao ulifunguliwa kwa Hodihodi, hiyo ni amri yake ya siku ya nne. Askari wa getini akamtazama kwa huruma. "Mzee, kwa sura unafanana naye sana. Lakini leo umekuwa wa saba."

Na huko ndani ya Hodihodi, Mwenyewe alikuwa ameandika kwa Kiswahili safi, kila nukta mahali pake: "Nilisema kampuni ikinishinda nitakula kubazi. Imenishinda. Jumamosi saa nne asubuhi, uwanja wa mpira, nitakula kubazi la kushoto. Nyote mnakaribishwa."

Nchi ikachangamka. Wauza mahindi wakawahi nafasi. Tajiri aliposomewa maneno hayo na askari, jasho lilimtoka. Asipotokea uwanjani, atatolewa Hodihodi maisha. Akitokea, atakula kubazi, naye alijua vizuri kuliko mtu yeyote ngozi ile ilitoka kwa mnyama gani.

Akakaa kwenye tofali nje ya geti. Akakaa Alhamisi nzima. Watu walipita wakicheka na simu zao, hakuna hata mmoja aliyeuliza Tajiri yuko wapi, maana Tajiri walikuwa naye, yumo ndani, tena siku hizi anaandika vizuri. Hilo lilimuuma kuliko habari ya kubazi. Hakulisema, lakini lilimuuma sana.

Ijumaa mchana akatokea Bi Mwanakheri, mama wa makamo aliyepika chai ya tangawizi ofisini tangu Hodihodi haijawa na Tajiri. Akammiminia kikombe.

"Bwana mkubwa, mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Usinitajie neno mwenyewe, mama!" Kisha Tajiri akasimama juu ya tofali, akaapa mbele ya Bi Mwanakheri, askari na wauza karanga wawili. "Atakayenirudisha ndani nitampa kiti changu, aiongoze Odiodi yeye. Nisipompa, nile makubazi yote mawili, pamoja na bakoli!"

"Na nini?"

"Bakoli. Kile chuma cha kufungia."

"Bakuli hulifungii kiatu, bwana mkubwa. Hicho ni kishikizo."

"Basi na kishikizo!"

Bi Mwanakheri akampigia simu Lutengano. Jumamosi alfajiri Lutengano akashuka kwenye basi la mkoani na tenga la bata sita, maana hakuwa na wa kumwachia.

"Bosi, uliponifukuza walininyang'anya kiti, kikombe na mwavuli. Ufunguo wa nyuma wa mtambo walisahau." Akachuchumaa kando ya tenga, akabonyeza simu yake, bata wakimdonoa kiwiko. Ile amri ya kuwafungia akina Makubazi akaifuta. "Bisha sasa."

"Odi."

"Nani?"

"Makubazi."

Mtambo haukumfukuza. Ukasema, "Makubazi walikuwa wengi. Lete mdhamini mmoja kati ya wafuasi wako, mtu wa kweli anayekujua. Kisha neno la siri. Ukikosea mara mbili, nafunga mwaka mzima."

Ilikuwa saa mbili. Tajiri akaangua kicheko cha furaha. Mdhamini! Alikuwa na wafuasi milioni tisa! Lutengano akawapitia kwa ufunguo wake. Wa kwanza, mtambo wa dawa ya nywele. Wa pili, mtambo wa dawa ya nywele. Wa tatu, mtambo wa dawa ya meno. Saa tatu kasoro robo akasema polepole, "Bosi, nimempata mtu wa kweli. Yuko mmoja."

"Mmoja katika milioni tisa?"

"Mmoja. Mwalimu Perpetua Ndimbo. Anakusahihisha kila siku. Wewe ukiandika 'ebu', yeye anaandika 'hebu'."

Tajiri akavua miwani. Mwalimu Perpetua alimfundisha darasa la tatu. Alikuwa amestaafu, anakaa mtaa wa pili kutoka pale. Akaja na mwavuli wake na kalamu nyekundu sikioni kama seremala.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kombo. Sema hodi."

"Odi."

"Ndiye," Mwalimu akauandikia mtambo. "Naweza kula kiapo. Wapo wengi wanaojifanya Kombo Makubazi, lakini hakuna anayeweza kukosea hivi bila kufikiri."

Mtambo ukakubali. "Neno la siri?"

Neno la siri Tajiri alilichagua siku ya kwanza. Alichagua neno ambalo hakuna binadamu angedhani linaweza kutoka kwake, na kwa kuwa halikuwahi kutoka tena, alikuwa amelisahau. Saa tatu na nusu. Kutoka uwanjani ngoma zilisikika.

Bi Mwanakheri akafunga chupa ya chai. "Mimi nalijua. Siku ile nilikuwa nakumiminia chai, na wewe ukiandika unatamka."

"Litaje, mama, upesi!"

"Silitaji. Ni neno ambalo hujawahi kuniambia mimi."

Tajiri akafikiri. "Asante?"

"Hilo nalo. Lakini silo."

"Tafadhali?"

"Hilo nalo. Lakini silo."

"Za asubui?"

"Hilo nalo!" Bi Mwanakheri akacheka, kisha akaacha kucheka. "Wale arobaini waliosikiliza malalamiko, mmoja alikuwa mdogo wangu. Ulimwambia nenda nyumbani. Hukumwambia neno lingine."

Tajiri akaangalia chini. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtoto wa darasa la tatu, "Samaani, mama."

"Ndilo," akasema Bi Mwanakheri, na macho yake yakalowa, wala hakutaka yalowe.

Tajiri akashika simu. Mwalimu Perpetua akainama begani kwake. "Weka h, Kombo. Sa-ma-ha-ni." Akaiweka h. Akabonyeza.

"Umekosea," ukasema mtambo. "Imebaki mara moja."

Bata wakalia. Tajiri akataka kulia nao. Bi Mwanakheri akamvuta Mwalimu kanga. "Mwalimu, kwa hisani yako, mwache akosee."

Mwalimu akageuka, akatazama ukuta ili asione. Tajiri akaandika kama moyo wake ulivyomtuma: samaani.

"Karibu," ukasema mtambo.

Saa nne kasoro dakika mbili akaandika mbele ya nchi nzima: "Mwenyewe si mimi. Mimi ni Makubazi. Kubazi aliliwi." Uwanjani watu wakasoma simu zao. "Aliliwi, bila h? Basi huyu ndiye wa kweli!" Wakasikitika, wakala mahindi yao, wakaenda makwao.

Ikabaki ahadi ya kiti. Wakapanda ofisini wote wanne na bata sita. Kile kiti kilikuwa cha ngozi, cha kuzunguka.

Lutengano akasema, "Kiti changu. Bila mimi angebisha mpaka leo. Mdhamini na neno la siri vingesaidia nini mbele ya mlango uliopigiliwa misumari?"

"Na misumari aliipigilia nani?" akauliza Bi Mwanakheri.

"Nilitumwa. Na nilionya."

Bi Mwanakheri akasema, "Kiti changu. Mlango ulifunguliwa kwa neno, na neno lilikuwa kwangu. Mngekuwa na fundi mia na walimu mia, mngebaki nje."

"Neno ulikuwa nalo tangu Alhamisi," akasema Lutengano. "Ulikaa nalo hadi Jumamosi saa tatu na nusu."

"Siku mbili hizo sikufokewa. Mwanangu, hata wewe ungekaa nalo."

Mwalimu Perpetua akafunga mwavuli. "Kiti changu. Katika milioni tisa nilipatikana mmoja aliye hai. Ila mimi siwezi kusema uongo, basi niseme na hili. Mwenyewe ni mimi."

Hata bata wakainua shingo.

"Nilichoka kusahihisha pembeni, nikaamua kuandika kwa niaba yake. Maneno yalikuwa yake, mimi nilinyoosha sentensi. Alisema kampuni ikimshinda atakula kubazi. Sentensi haikuwa na siku wala mahali. Nikaviongeza. Na niwaambie, siku mbili hizo nilizoongoza mimi, watu waligombana kwa lugha nzuri na hakuna aliyefukuzwa kazi."

"Mwalimu," akasema Tajiri, "nusura nile kubazi!"

"Ungelila kwa Kiswahili fasaha."

Tajiri akazunguka kile kiti mara moja. Akashika mgongo wake. "Na mimi je? Mlango mlifungua, ushaidi mlitoa, neno mlinikumbusha. Lakini nani alilitamka? Mimi. Aikuwa rahisi. Ninyi mlifanya mnayoyaweza kila siku, mimi nilifanya nisiloliweza. Aliyenirudisha ndani ni mimi. Kiti changu."

Wakabishana hadi chai ikapoa. Wakaona bora kura. Wakaiuliza Hodihodi yote, na kabla hawajavuta pumzi zikaja kura milioni tisa, zote zinasema mshindi ni dawa ya kuotesha nywele.

Kiti kikabaki kitupu, wanne wamekizunguka, wote wamekishika, na kiapo cha Tajiri kinamsubiri. Ndiyo maana nimekuja kwenu, ninyi ambao angalau nawaona mnapumua. Yupo fundi aliyefungua mlango alioufunga mwenyewe. Yupo mama wa chai aliyetoa neno alilolificha mwenyewe. Yupo mwalimu aliyemtoa mtu kwenye shimo alilomchimbia mwenyewe. Na yupo Tajiri, aliyefukuza watu wote kisha akasema samahani mara moja, tena bila h.

Je, nani alistahili kukikalia kiti?