Chungu cha Fiba

Sogeeni, fungeni midomo, fungueni masikio! Ng'ambo ya bahari kuu, zimwi lenye shamba la miwa lilikula nyimbo za watumwa wake. Aliyeliwa wimbo alibaki bubu. Basi kila Jumapili, siku yao ya mapumziko, walipokusanyika kibandani kuimba, Fiba mpishi alifudikiza chungu cha chuma mlangoni, kinase sauti zisitoke nje. Mama yake alifanya hivyo kwa chungu hichohicho, na bibi yake pia.

Siku moja zimwi likavunja mlango.

"Nyimbo ziko wapi?"

"Chunguni."

"Nipakulie!"

"Leo Jumapili," Fiba akasema. "Jipakulie mwenyewe."

Zimwi likafunua chungu, likaachama. Nyimbo za vizazi vitatu zikaliingia kwa mkupuo. Likavimba, likavimba, likavimba, likapasuka!

Fiba akakiinjika chungu motoni.

"Mlango hatuna tena," akasema. "Imbeni!"