Shahidi Asiyemjua Mkwe Wake kwa Sura

Isome hii hadi mwisho hata kama una haraka. Ukimaliza, mtumie yule ndugu yako mwepesi wa kuhukumu.

Gwakisa, Mnyakyusa fundi baiskeli, alimwoa mwanamke wa Msumbiji aitwaye Felizarda. Waliishi miaka saba, wakajaliwa binti. Kila kibali cha mke cha kuishi nchini kilipokaribia kuisha, Gwakisa alikosa raha, hata chakula kilimshinda. Mwishowe akaamua kumdhamini apate ukaazi wa kudumu.

Fomu ilidai shahidi, ndugu wa karibu anayeifahamu ndoa. Gwakisa hakufikiri mara mbili. Aliandika jina la baba yake, Mzee Asegelile, ambaye kijiji kizima kilijua kuwa hasemi uongo. Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Afisa wa vibali alikuwa mtu wa Pwani, mgeni mkoani, mpole wa maneno lakini mkali wa kazi. Alishakamata ndoa nyingi za karatasi, za watu waliojuana siku ya kupiga picha ya harusi. Akamkalisha mzee mbele yake, Gwakisa pembeni.

"Mzee, mke wa mwanao unamfahamu?"

"Namfahamu. Ni mkwe mwenye adabu sana."

"Yukoje? Mrefu, mfupi, mweupe, mweusi?"

"Sijui, mwanangu."

"Hujui?"

"Sijawahi kumwona uso. Mwaka wa saba huu." Mzee alilisema hilo kwa fahari kabisa.

Gwakisa akaeleza haraka haraka kwamba kwao mke hakutani macho na baba mkwe wake. Akisikia anakuja, hutoka kwa mlango wa nyuma, na chakula cha mzee hupelekwa na mjukuu. Felizarda alifundishwa na mama mkwe wiki ile ile ya harusi, na hakuwahi kukosea hata siku moja.

Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akalifunga jalada.

"Bwana Gwakisa, kila anayebanwa humu ndani huja na mila yake. Kwetu baba mkwe anakula meza moja na mkwewe. Ombi nimelikataa. Mkeo ana siku kumi na nne awe ametoka nchini."

Gwakisa alilia, mwanaume mzima na ndevu zake. Mzee alimtazama kwa uchungu. Aliulizwa ukweli akausema, na sasa ukweli huo unamvunjia mwanawe nyumba.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Hata ningetaka kudanganya, nisingejua pa kuanzia."

Afisa akawasindikiza hadi mlangoni. Felizarda alikuwa amepangiwa mahojiano yake mchana, lakini moyo haukumtulia, akawahi. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, pasipoti na vyeti mapajani, hana habari kwamba mzee yumo ndani. Mzee alipokanyaga kizingiti akawasalimu waliokuwa wakisubiri, kama mtu mwenye adabu afanyavyo.

Felizarda aliijua ile sauti. Alijifunika kanga gubigubi, akatoka mbio kuelekea nyuma ya jengo. Pasipoti ilianguka, vyeti vikatawanyika, kiatu kimoja kikabaki sakafuni, naye hakugeuka. Mzee alikuwa ameshageukia ukuta, kofia ameishusha hadi machoni.

Afisa akamgeukia mzee.

"Mzee, nani huyo aliyekimbia?"

"Sijamwona," mzee alijibu, akiutazama ukuta. "Lakini kama amekimbia, ni mkwe wangu."

Afisa aliinama, akaokota vyeti kimoja kimoja, kiatu nacho akakiweka juu ya benchi. Mke wa karatasi hana wa kumkimbia, na mwongo haiachi pasipoti yake sakafuni. Alirudi mezani, akalifungua tena lile jalada, akakata alichokiandika.

Kisha akamwomba mzee, kwa heshima zote, atangulie kuondoka, ili mkwe wake aweze kuingia kusaini.

Funzo: Jambo usilolijua si lazima liwe uongo. Kabla hujaivunja nyumba ya mtu, jifunze kwanza jinsi wanavyoheshimiana ndani yake.