Chaji ya Kumfikisha Bi Mkawasi Voi

Hapo zamani, na si zamani ya mababu bali ya juzijuzi tu, magari yalipoanza kwenda kwa umeme na vituo vya kuyachaji vikiwa bado vya kuhesabu, kulikuwa na bibi mmoja kule Maktau aliyeitwa Mkawasi. Miguu yake ilikuwa imeacha kumbeba, lakini akili yake ilikuwa nzima. Ni yeye peke yake, kati ya waliobaki hai, aliyeona mkonge wa mpaka ukipandwa siku marehemu dada yake alipopewa shamba.

Sasa jirani alilidai shamba lile, na watoto wa dada walikuwa karibu kufukuzwa. Hakimu alikuwa ameahirisha kesi mara mbili akimngoja shahidi. Mara hii alisema: saa tano kamili asubuhi, pale Voi, Mkawasi asipoitika jina lake, kesi imekwisha.

Siku ile magari ya abiria yaligoma. Mwadime, jirani yake mwenye teksi ya umeme, akamlaza bibi kwenye kiti cha nyuma, wakaondoka. Hawajafika mbali, Mwadime akatazama kipimo cha betri. Alikuwa amesahau kulichaji gari jana yake. Asilimia ishirini na mbili. Walipopita Bura, tisa. Walipoingia Mwatate, tatu.

Mwatate palikuwa na mashine moja ya kuchajia, yenye waya mmoja. Ilikuwa saa nne kasorobo, na waya ule ulikuwa kwenye gari la mtu mwingine.

Mtu huyo aliitwa Righa. Alibeba tangi la vifaranga wa samaki, elfu mbili, kutoka Taveta. Gari lake lilikuwa limemzimikia hatua chache kabla ya kituo, akalisukuma, na ndiyo kwanza amechomeka. Pampu ya kuwapulizia samaki hewa ilitumia umeme wa gari hilohilo.

"Ndugu yangu, nipishe," Mwadime akasema. "Nina shahidi wa kesi humu ndani."

"Nikichomoa, pampu inazima," Righa akajibu. "Bwawa nimelichimba mwaka mzima kwa jembe. Unataka nitie humo samaki wafu?"

Bi Mkawasi akashusha kioo. "Wajukuu zangu, nina mtamba mmoja wa ng'ombe, ana mimba. Hauzwi wala hachinjwi. Atakayenifikisha mbele ya hakimu kabla ya saa tano, ni wake."

Righa akamtazama bibi, akalitazama tangi. "Dakika ngapi?" akauliza.

Mwanamke aliyesimamia kituo, jina lake Wakesho, ndiye aliyejibu. "Kwa mwendo wa mashine hii, saa nzima."

Mashine ile ilikuwa imefungiwa isitoe nguvu zake zote, maana nyaya za mtaa zilikuwa dhaifu. Ufunguo wa kuifungulia alikuwa nao Wakesho, kwa sharti asiuguse bila ruhusa ya ofisi. Akapiga simu ofisini. Haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa. Akamwambia Righa, "Nikiifungulia, dakika ishirini zinawatosha hawa. Kisha unarudisha waya wako."

Righa akachomoa. Wakesho akazungusha ufunguo. Pampu ikazima, na Righa akapanda kwenye tangi na bakuli, akawa anachota maji na kuyamwaga, anachota na kuyamwaga, ili samaki wapate hewa. Asilimia tano. Saba. Tisa. Bibi alikuwa ameshika saa yake ya mkononi. Vifaranga wa kwanza wakaelea juu, matumbo meupe.

Ilipofika kumi na moja, mashine ikatoa moshi, ikanyamaza. Nyaya zilikuwa zimeungua.

Righa akamwonyesha Mwadime barabara kwa bakuli lake. "Nendeni," akasema, akaendelea kuchota.

Mwadime aliendesha kwa mwendo wa baiskeli mlimani, akaliachia gari mteremkoni, feni imezimwa, jasho linamwingia machoni. Nyumba za Voi zikaonekana. Gari likazima. Saa tano kasoro dakika kumi na mbili.

Mwadime alikuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri mwezi uliotangulia, na daktari alimkataza hata kubeba ndoo. Akamweka bibi mgongoni. Alipoingia mahakamani shati lake lilikuwa na damu tumboni, mshono umefumuka. Karani alikuwa anaita jina kwa mara ya mwisho.

"Nipo," Bi Mkawasi akasema, akiwa bado mgongoni.

Akaeleza mkonge ulipopandwa, na nani alichimba mashimo. Watoto wa dada yake wakabaki na shamba lao.

Mwadime alilazwa wiki tatu. Wakesho alifukuzwa kazi jioni ileile. Samaki wa Righa walikufa wote, hakubaki hata mmoja.

Mwadime alipopona, wote watatu walifika Maktau. Bibi alikuwa ameketi uani, mtamba amefungwa karibu naye.

Righa akasema, "Nyanya, mimi nilitoa waya wangu nikijua ninachopoteza. Niliahidiwa dakika ishirini, nikapoteza mwaka. Na huyu Mwadime, angechaji gari lake nyumbani, nani kati yetu angeumia?"

Wakesho akasema, "Waya bila ufunguo ungemfikisha mlango umefungwa. Samaki walikufa kwa mkono wangu, sikatai. Lakini ni mkono huohuo uliowapa ile chaji, na sasa sina kazi."

Mwadime akasema, "Kosa la kwanza ni langu. Ila nyanya alisema atakayemfikisha. Gari halikumfikisha. Mimi ndiye niliyemfikisha."

Bi Mkawasi akaifungua kamba, akaishika, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

Nanyi mliokaa hapa mkasikia yote, msiniulize mimi. Niambieni: kamba ile ilistahili kuwekwa mkononi mwa nani?