Banda Lililogawanywa kwa Kamba

Kitendawili, wajukuu zangu. Wanaishi chumba kimoja chenye mlango mmoja na wanakula wali mmoja. Leo mmoja anamng'ata mwenzake mpaka damu inatoka, kesho mnawakuta wanakula pamoja kana kwamba hakuna lililotokea. Ni nani hao?

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nimeupokea mji wenu, nami nawapa jibu: ni ulimi na meno. Sasa niambieni, mmewahi kumwona mtu mwenye akili timamu akitia kidole kinywani ili aamue ugomvi wa ulimi na meno? Akikitia, ataumwa yeye. Hadithi hii ni ya mwanamke aliyekiacha kidole chake nje, na ya kinyozi aliyekitia chake mpaka kwenye magego.

Kijijini kwetu, chini ya milima, kila majani yanapoanza kupukutika watu wote hugeuka kuwa wa persimoni. Tunda hilo ni la duara kama nyanya, lina rangi ya chungwa, na ukiliuma bichi hukukaza mdomo kama uliyelamba shabu. Lakini likimenywa na kutundikwa bandani mpaka likauke kwa upepo, huwa tamu kama halua. Kazi yake haina subira. Umande ukiganda juu ya miti, matunda hulainika, na lililolainika halimenyeki wala halitundikiki. Ni la kutupa.

Mzee Seong alipofariki aliwaachia wanawe watatu shamba moja la mipersimoni na banda moja la kukaushia. Mkubwa alikuwa Taegyu, mdogo alikuwa Pilho. Wa katikati alimfuata baba yake mapema, akamwacha mjane aitwaye Malsun, mama wa Eunbi. Kila mwaka nyumba hizo tatu zilifanya kazi kama mkono mmoja. Wanaume walipanda ngazi, Malsun na wake wa shemeji zake walimenya, kisha wote waligawana. Taegyu alikuwa na mashamba ya mpunga, Pilho alikuwa na ng'ombe. Malsun hakuwa na kingine. Persimoni zikiharibika, kipindi chote cha theluji angekaa akitazama mitungi mitupu.

Mwaka huo nchi ilikuwa imepasuka kama tikiti lililodondoka barabarani. Waliokuwa upande wa Wekundu waliwaita Bluu wasaliti, na wa Bluu waliwaita Wekundu masalia ya madikteta. Kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani ya simu, akibweka kuanzia alfajiri. Taegyu alikuwa Mwekundu mpaka kwenye soksi. Pilho, aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, alikuwa Bluu wa kupindukia. Siku ya kwanza ya kumenya, kila mmoja aliweka simu yake mezani na kuipandisha sauti.

"Kaka, punguza hiyo redio yako," alisema Pilho.

"Si redio hii, ni ukweli. Ukweli unakuwasha masikio?"

"Huyo anayebweka humo ndiye ukweli? Juzi alisema Bluu ndio waliochelewesha mvua."

"Na huyo wako je? Jana kalia mbele ya kamera. Machozi yenyewe ya kitunguu."

"Mkimaliza kuokoa nchi," alisema Malsun bila kuinua macho kwenye kisu chake, "ngazi iko pale."

Hawakumsikia. Maneno ni kama kuni kavu. Moja huwasha jingine. Taegyu alisema kwamba baba yao angalijua amezaa mkomunisti, asingalimnunulia hata viatu vya shule. Pilho akajibu kwamba baba angalimsikia kaka mtu akiwasifu wale majenerali, angalimchapa na kingoe cha kuchumia. Hapo Taegyu aliinuka mwekundu kama tunda lililoiva, akachukua kamba ya kufungia mizigo ya trekta, akaifunga kutoka nguzo hii hadi nguzo ile, katikati kabisa ya banda.

"Huku kwangu, huko kwako," alisema. "Na shamba lenyewe mwakani litakatwa hivi hivi."

"Hata leo," alisema Pilho.

Kisha wote wawili wakamgeukia mjane.

"Haya, shemeji," alisema Taegyu. "Wewe utatundika upande gani?"

Malsun aliitazama kamba. Akawatazama wanaume wawili wenye mvi waliokunja mikono kama watoto walionyang'anyana karanga. Nje, miti ilikuwa imeinama kwa uzito. Alipangusa kisu kwenye aproni, akachukua kingoe cha mwanzi na kapu, akatoka bila kufunga mlango.

Msidhani Malsun hakuwa na maoni. Alikuwa nayo, tena makali kuliko siki ya mwaka juzi. Kura yake aliijua yeye na lile pazia la kituo. Mara nyingi neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza kama mtu anavyomeza dawa chungu, kwa kukunja uso. Alijua akimjibu mmoja, mwingine hatapanda ngazi ya mtu aliyejibu hivyo. Na ngazi ndiyo aliyoihitaji.

Basi akachuma peke yake. Hakuchagua mti wa huyu wala wa yule. Alifuata mstari kama mkwe wake alivyoupanda. Asubuhi alichuma, mchana alimenya, jioni alitundika chini ya paa la nyumba yake.

Siku ya pili alikuja Pilho. "Shemeji, mtu akinyamaza wakati wa dhuluma, anaisaidia dhuluma."

"Shika ndoo."

Pilho aliishika ndoo kwa mkono mmoja, maana mwingine alikuwa anaelezea nao hali ya nchi. Alipofika kwenye habari za mahakama, alihitaji mikono yote miwili. Matunda yakamwagika, yakabingirika mpaka mtaroni. Malsun alishuka, akayaokota, akapanda tena. Kapu alilibwaga chini kwa kishindo kidogo.

Kesho yake alikuja Taegyu, amevaa miwani, anasoma kwenye simu. "Ukikaa katikati ya barabara, shemeji, utagongwa na magari ya pande zote mbili."

"Basi ondoka hapo ulipo. Usije ukaangukiwa na tunda."

Paa la nyumba lilipojaa, Malsun aliingia bandani. Huku alikuwa amekaa Mwekundu, huko Bluu, na kila upande haukuwa na tunda hata moja, mtupu kama uwanja baada ya mechi. Alizichukua nyuzi zake za matunda, akazitundika juu ya ile kamba yenyewe ya mpaka, uzi baada ya uzi, mpaka ikapinda kwa uzito. Taegyu alitaka kuhamaki, na Pilho alitaka kucheka. Lakini hakuna aliyeweza kuifungua, maana ukiifungua unaangusha chakula cha mjane. Wakabaki wakitazamana kupitia pazia la persimoni, na kila mmoja akageuza kiti ampe mwenzake mgongo.

Sasa sikilizeni habari za Pyo. Pyo alikuwa kinyozi wa kijiji, mtu mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alikuwa ameshajitangaza mtu wa Taegyu. Aliyekwenda kunyolewa alitoka na kichwa safi na masikio machafu. Kila siku alipofunga duka alipita bandani kumpelekea Taegyu video mpya, na kila siku aliacha moto mkubwa kuliko alioukuta. Hata Malsun hakusazwa.

"Mama Eunbi," alimwambia mjane akiwa chini ya mti, "watu wanauliza. Wewe uko upande wa nani hasa?"

"Wanaouliza wana mikono?" alijibu Malsun. "Waambie waje nayo."

Ikafika siku redio ya kijiji ikatangaza kwamba baridi kali inashuka na alfajiri umande utaganda. Nusu ya shamba ilikuwa bado haijachumwa. Mabega ya Malsun yalikuwa yanawaka moto. Aliitazama miti, akatazama jua, akajua hatamaliza. Machozi ya hasira yalimlenga, akayafuta kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na utomvu, na akasogeza ngazi kwenye mti uliofuata.

Wakati huohuo Pyo aliingia bandani akisugua mikono. Taegyu alikuwa upande wake na simu yake, Pilho upande wake na yake.

"Kaka Taegyu," alisema Pyo kwa sauti ya kusikika na pande zote, "ningekuwa mimi, huyo wa nyuma ya kamba ningeshamtimua zamani. Mtu kafukuzwa kiwandani kwa uvivu, karudi kulamba sahani ya kaka yake. Mbwa wa Bluu huyo."

Taegyu alizima simu.

"Umemwita nani mbwa?"

"Si huyo hapo? Wewe mwenyewe jana ulisema..."

"Mimi ni kaka yake. Mimi nilimbeba mgongoni kuvuka mto akiwa na surua. Wewe ulimbeba lini?"

"Lakini mimi nipo upande wako, kaka."

"Hatukukuomba," alisema Pilho, ambaye tayari alikuwa ameinama akapita chini ya kamba. "Kaka yangu akisema upumbavu, huo ni upumbavu wa nyumbani kwetu. Wewe una wako dukani. Nenda kaunyoe."

Pyo alirudi nyumanyuma akijitetea, akakanyaga maganda yaliyomenywa, akateleza, na kipaji cha uso kikakutana na kizingiti. Alipotoka, ndugu wawili walibaki mlangoni wakihema. Hakuna aliyejua pa kuweka macho.

"Umande unaganda usiku," alisema Taegyu mwishowe.

"Nimesikia. Ngazi iko wapi?"

"Anayo shemeji."

Walimkuta juu ya mti. Malsun hakuwashukuru wala hakuwasuta, ingawa maneno ya kuwasuta alikuwa nayo ya kutosha kujaza gunia. "Mmechelewa," alisema. "Taegyu, miti ya juu. Pilho, ya mtoni. Simu zenu wekeni ndani ya ile ndoo, na waambieni wake zenu walete makapu yote, hata ya kuku."

Siku hiyo jua lilizama likiwaacha akina Seong wote shambani. Walichuma kama watu wanaookoa vitu kwenye nyumba inayoungua. Msinielewe vibaya, hawakukubaliana hata neno moja. Taegyu alisema serikali hii ni ya wezi, Pilho akasema iliyopita ilikuwa ya majambazi, na kila neno liliangukia kwenye kapu pamoja na tunda. Tofauti ni kwamba sasa mikono ilifanya kazi. Umande ulipoganda alfajiri, ulikuta miti mitupu, isipokuwa matunda machache ya kileleni ambayo huachiwa ndege, kama desturi inavyotaka. Bandani hapakuwa na nafasi ya kupitisha kichwa, huku wala huko.

Siku chache baadaye Pyo alifika uani kwa Malsun, amebandika plasta usoni na ameshika kofia mkononi. Malsun alimpa kigoda na bakuli la chai ya shayiri, akaendelea kuyageuza matunda yake.

"Nieleze, Mama Eunbi," alisema Pyo kwa uchungu. "Mimi nimemtetea Taegyu mpaka sauti ikakauka, leo hanisalimii. Anakwenda kunyolewa mjini. Na Pilho naye anakwenda huko huko, tena kwa gari moja. Wewe hukumtetea mtu, na banda wamekujazia. Kwa hiyo siku zote zile ulikuwa unafanya nini?"

Malsun alichukua tunda, akalibinya taratibu kwa kidole gumba, akalirudisha kwenye uzi. Alichukua jingine. Chai ya Pyo ilianza kupoa.

Mara sauti zikapaa kutoka bandani. Ilikuwa habari ya kodi safari hii. Taegyu alimwita mwenzake mwongo, na Pilho akamwita kipofu. Macho ya Pyo yakaangaza kama ya paka aliyesikia sufuria. Aliweka bakuli chini, akavaa kofia, akainuka.

Malsun alimshika mkono wa koti, akamkalisha tena kigodani, na akamwekea kapu tupu magotini.

"Kaa hapa, Pyo. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune."