Muhanga na Trekta la Ekari Tano na Nusu

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya wapi, ya wagonjwa? Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa mmeamka. Hapo kale, kale ambayo hata bibi zetu waliikuta imeshachakaa, wanyama walikuwa wakulima. Wote. Hata Simba alikuwa na matuta mawili ya viazi, ila yeye alipalilia kwa kuyaungurumia magugu.

Palikuwa na Muhanga. Muhanga mnamjua? Masikio ya punda, pua ya nguruwe, kucha kama majembe. Alikuwa na ekari sita bondeni, alizoachiwa na babu yake. Udongo mweusi, ukiukanyaga unakuvisha soksi. Asubuhi Muhanga anaingia shambani, krr! krr! krr! Jua likifika utosini amemaliza. Mkewe, Mama Tope, anafuata nyuma anadondosha mbegu. Walikula, wakashiba, wakabakiza.

Siku moja, du-du-du-du-du! Vumbi hilo! Wanyama wakatoka mbio. Kumbe ni Kenge, yule dalali, amekaa juu ya trekta jekundu, ulimi nje, ulimi ndani. Akaliegesha uwanjani kwake.

Ngiri, jirani yake Muhanga, akalizunguka trekta mara tatu. Kisha akamtazama Muhanga miguuni.

"Jirani, kwani wewe mpaka leo unalima kwa kucha?"

Wanyama wakaangua kicheko. Bi Kanga alicheka mpaka madoa yakamtetemeka. Na Bi Kanga akicheka jambo asubuhi, adhuhuri linajulikana kijiji cha tatu.

Muhanga akarudi nyumbani, akafukia kucha zake mchangani. Ugali ukapoa mbele yake.

"Mama Tope, nataka trekta."

"La kulimia nini?"

"Shamba."

"Shamba si umeshalima?"

"Huelewi, mwanamke. Ngiri amenitazama kucha."

Kesho yake akaenda kwa Kenge.

"Bwana Dalali, bei gani?"

"Ekari mbili za bondeni."

"Ngoja nikashauriane na mwenzangu."

Akaenda, akashauriana, mwenzake akakataa, akarudi.

"Haya, tumeelewana. Bei gani vile?"

"Ekari tatu."

"Tatu! Si ulisema mbili?"

"Nilisema mbili ulipouliza mara ya kwanza. Sasa umeuliza mara ya pili. Kitu kikiulizwa kinapanda, shehe. Bei hiyo, si mimi."

"Na shamba langu je? Mbona halipandi?"

"Nani ameliuliza?"

Muhanga akafikiri. Kweli bwana, hakuna aliyeliuliza. Akabaki anakuna sikio.

Mara Twiga akapita, akateremsha shingo juu ya ua. "Hodi hapo! Hilo dude bei gani?"

"Tatu na nusu," akasema Kenge.

"Aa, mie nauliza tu," akasema Twiga, akaenda zake.

Wakaja nyumbu kumi na wawili. Lakini nyumbu huuliza kwa pamoja, kwa hiyo Kenge akawahesabu kama mmoja. "Nne." Akaja Bi Kanga. Yeye hakuuliza bei ya leo, aliuliza jana ilikuwa bei gani. Kenge akatafakari, akaona hilo nalo ni swali. "Nne na nusu."

"Jamani, imefika ngapi sasa?" akauliza Muhanga.

"Tano."

Muhanga akajiziba mdomo mwenyewe. Pu! Akaanza kukimbia huku na huku. "Msiulize! Ndugu zangu, msiulize!" Akamziba Ngiri, meno ya Ngiri yakamchoma. Akamziba Mbuni, Mbuni akamdonoa kisogoni. Alipogeuka, akamwona Kobe anaingia uwanjani, polepole, shingo mbele.

"Shikamoo, babu! Babu, usiseme kitu!"

"Ma... ra... haba... mjukuu. Hi... vi... hi... lo..."

"Babu, nakusihi!"

"...be... i..."

"Nakubali!" Muhanga akapiga yowe. "Kenge, nipe mkono! Tano! Nakubali tano!"

"...ga... ni?" akamalizia Kobe.

"Tano na nusu," akasema Kenge. "Babu alianza kabla yako."

Wakapeana mikono. Kenge akaenda bondeni kupima. Alipima kwa mkia wake, na mkia wenyewe ulikuwa ukiteleza, unateleza, unateleza, kila mara upande wa Muhanga. Alipomaliza, Muhanga alibakiwa na mahali pa kutandika mikeka miwili, mbele ya mlango wake.

"Hii ndiyo nusu ekari?" akauliza Mama Tope.

"Nusu ekari ya muuzaji, mama," akasema Kenge. "Muuzaji akiwa na haraka, ardhi nayo hujikunyata."

Trekta likaletwa. Likaenea pale kama kofia kichwani. Muhanga akapanda, akawasha, du-du-du-du! Akasogea mbele hatua moja.

"Unakanyaga shamba langu!" Kenge huyo, mbele.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Na huku vilevile!" Kenge huyo, nyuma.

Muhanga akazima.

Wiki haijaisha, Kenge akaleta matrekta mengine ishirini. Uwanja ukajaa, mpaka yakapangwa moja juu ya moja kama masufuria. Sasa nani aulize, na yako tele? Bei ikaanguka, puuu! Ngiri alijipatia lake kwa kikapu cha karanga, akaongezewa na kofia. Muhanga akamkimbilia Kenge.

"Langu nalo lirudishe, nipe japo ekari moja!"

"Nitakupa nusu kikapu cha karanga. Limetumika hilo."

"Limekwenda hatua mbili tu!"

"Moja ya kurudi nyuma. Hiyo inachakaza zaidi."

Na mashamba je? Ah! Kila mmoja sasa ana trekta, kila mmoja anatafuta pa kulima, kila mmoja anauliza ardhi. Ekari moja ikafika matrekta manane, kisha kumi, na mwenye ardhi ya kutosha trekta kugeuka ni Kenge peke yake, wengine wana matuta tu. Ngiri alikuwa akiendesha lake kuzunguka choo chake, asubuhi na jioni, amevaa kofia.

Wingu likafunga. Mama Tope akasimama mlangoni, mbegu za kunde mkononi.

"Baba Tope, mvua hiyo. Tunapanda wapi?"

Muhanga akatazama bonde la babu yake. Akatazama trekta. Machozi yakamchuruzika kwenye pua, na pua yake mnajua urefu wake, yalichukua muda kufika chini. Akainua ukucha juu.

"Wallahi, tangu leo shamba siuzi! Hata wanipe mbingu na nyota zake, shamba siuzi!"

"Umeapa vizuri," akasema Mama Tope. "Sasa shika kikapu."

Wakazoa udongo kandokando ya nyumba. Wakaumwaga juu ya boneti. Wakaumwaga juu ya matairi. Wakajaza kiti. Mama Tope akapanda kunde kila mahali, na kwenye kiti akafukia mbegu moja ya boga. Mvua ikashuka, chwaaa! Muhanga akaenda kibarua kwa Kenge, akilima kwa kucha zilezile, katika udongo uleule wa babu yake, kwa bakuli la uji.

Kunde zikaota. Zikatambaa kwenye usukani, zikalisokota bomba la moshi, zikaning'inia kwenye taa. Na boga likanenepa pale kitini, likakaa kama dereva.

Bi Kanga aliliona Jumatatu. Jumanne barabara haikupitika. Wanyama walikuja na watoto, walikuja na wakwe. "Lo! Nani kaona shamba lenye taa?" Kule kwa Kenge hata nzi hakutua. Kenge akaja mwenyewe, akawakuta wote wanauliza, wote wanauliza, na kinachoulizwa si chake. Ulimi ukatoka nje, ukagoma kurudi.

"Hilo bei gani?"

Wanyama wakamgeukia Muhanga.

"Nauliza, bei gani? Natoa ekari mbili!"

"Aaaa!" wakasema wanyama.

"Kwani bei gani? Tatu! Semeni basi, bei gani? Nne!" Kenge alikuwa akijipandishia mwenyewe, jasho linamtoka, na kenge hatoki jasho. "Tano! Haya, tano na nusu, zilezile za babu yako, na mwaka huu zimeshalimwa!"

Mama Tope alikwisha vuta pumzi ya kigelegele. Hata Ngiri alivua kofia. Muhanga akafumba macho. Moyo ulimdunda, du-du-du-du. Aliliona bonde, aliuona udongo mweusi, akamwona babu yake. Kisha akafumbua mdomo.

"Shamba siuzi."

"Baba Tope!"

"Nimeapa."

"Uliapa shamba! Hili trekta!"

"Juu yake kumeota nini?"

"Kunde!"

"Kunde huota wapi?"

"Mume wangu, nakuomba..."

"Kunde huota shambani. Shamba siuzi." Akakunja mikono, akajiona shujaa.

Kenge akamtazama, akawatazama wanyama, akameza ulimi wake, akageuka na kwenda zake. Akili zilimrudia alipofika njia panda, na hakuja tena.

Kunde zilivunwa kikapu kimoja. Boga lililiwa siku mbili. Kiangazi kikakausha majani, na pale mlangoni kikabaki chuma chenye udongo. Muhanga anakwenda kibarua bondeni hadi leo. Mama Tope, nasikia, kigelegele kile alikimeza, na kila akimwona mumewe kinampalia.

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: bei utatajiwa na kila mpita njia, lakini thamani ya kitu chako uijue mwenyewe. Asiyeijua, akiuza hukosea, akikataa hukosea.

Hadithi yangu imefika, imeketi, imenyoosha miguu.